Chuchu ya Chupa Isiyomkimbiza Mtoto: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Karibu. Hapa mezani nina chuchu tatu za chupa, bakuli, glasi ya kupimia, maji na simu ya kuhesabia dakika. Mwanasesere huyu ndiye atakuwa mtoto wetu tukifika kwenye kupakata. Majina ya chapa nimeyafunika kwa plasta, na nimefanya hivyo kwa kukusudia. Ile kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inayosimamia uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inahusu chupa na chuchu pia, si maziwa ya kopo tu, na wenzetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2012. Naiunga mkono kwa moyo wote. Kwa hiyo sitakuambia ununue ipi. Nitakuonyesha cha kuangalia, ukifika dukani uangalie mwenyewe.

Video hii ni ya mama anayenyonyesha na anataka kuendelea kunyonyesha, ila kuna saa kadhaa za siku lazima amwache mtoto. Likizo ya uzazi kwetu Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki wanatuambia maziwa ya mama peke yake miezi 6. Siku 84 hazifiki hata miezi 3, na hapo katikati ndipo chupa inapoingilia. Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini kama unaishi Mbagala na kazi iko Mikocheni, hizo zote zinaishia barabarani. Basi tunakamua, na nyumbani bibi au dada anamnywesha.

Mtoto akiwa bado hajatimiza mwezi, na titi lenyewe ndiyo kwanza analizoea, chupa iweke pembeni kama unaweza. Aliyezaliwa njiti, au mwenye shida ya kaakaa au ulimi, huyo mpeleke kwa muuguzi kwanza. Usifuate video.

Hatua ya kwanza: tazama titi linavyofanya kazi. Angalia kidole gumba changu, tuseme ndiyo chuchu. Mtoto hashiki ncha tu. Anapanua mdomo kama anayepiga mwayo, anachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ile duara nyeusi. Ndani ya mdomo chuchu inarefuka mpaka karibu na pale kaakaa gumu linapokutana na laini. Ulimi unaikumbatia kwa chini, kisha unashuka, na ule mvuto unapozidi ndipo maziwa yanapotoka.

Na hayatoki papo hapo. Mwanzoni mtoto ananyonya harakaharaka, kavu, kama anayebisha hodi. Baada ya dakika moja hivi maziwa yanashuka, naye anabadilika: ananyonya polepole, unamsikia anameza, anavuta pumzi, anapumzika, anaanza tena. Maziwa yanakuja kwa wingi, yanapungua, yanakuja tena. Muda wote huo mwenye usukani ni mtoto.

Sasa chukua chupa ya kawaida uipindue. Maziwa yanaanza kushuka kabla hata mtoto hajaamua, na hayapumziki. Umbo la chuchu ni jambo moja, ila hili la kasi ndilo lililotaka kuniachisha kunyonyesha.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi 3 niliporudi kazini. Nilinunua chupa ambayo boksi lake limeandikwa inafaa tangu siku ya kwanza na inafanana na titi la mama. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimnywesha. Anamaliza mililita 120 kwa dakika nne, maziwa yanamtiririka mpaka shingoni, kanga aliyokunjiwa chini ya kidevu inaloa chepechepe. Mama akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu ana njaa. Maziwa yako hayamtoshi." Usiku nikimweka kwenye titi anajinyoosha mgongo, analia, analiachia, kwa sababu halimwagi papo hapo kama chupa. Nililia naye. Maziwa yangu yalikuwepo, tena ya kutosha. Tatizo lilikuwa tundu la chuchu.

Hatua ya pili: lichunguze umbo. Sogea karibu kidogo. Hii ya kwanza ina kitako kipana, halafu ncha nyembamba imesimama katikati kama kidole juu ya sahani. Wengi tunadhani upana huu ndio unaoifanya ifanane na titi. Lakini nabonyeza vidole vyangu viwili hapa, viwe midomo ya mtoto: vinakomea kwenye ncha. Kile kitako kipana hakikifikii kinywa chake, kinamgonga tu. Anajikuta anavuta ncha peke yake kama anavuta soda kwa mrija. Akirudi kwenye titi akashika hivyohivyo, mama atajua kwa maumivu.

Ya pili hii. Ncha yake inateremka taratibu mpaka kwenye kitako, kama bega la mtungi, hakuna ngazi. Vidole vyangu vinateleza kushuka, vinapanuka vyenyewe. Mtoto akiishika hii mdomo unabaki wazi na midomo inapumzika kwenye mteremko. Nikiwa dukani natafuta mteremko kuliko upana. Pitisha kidole kutoka nchani kwenda chini: kikikwama penye kona kali, irudishe.

Ya tatu imebapa upande mmoja. Wanaoitengeneza wanasema inaiga chuchu ya mama inavyobanwa mdomoni. Mimi siipendi, maana ulimi wa mtoto hujikunja kama jani kukumbatia kitu cha mviringo, na hii ni lazima uiweke upande sahihi kila mara. Mtoto wako akiitumia vizuri, mwache.

Ibonyeze pia. Silikoni iwe laini lakini irudi yenyewe. Zile za mpira wa rangi ya kahawia ni laini zaidi, ila zikichemshwa mara kwa mara zinachoka upesi, zinanata. Na hapa pembezoni, unaona hiki kitobo kidogo? Ni tundu la hewa. Maziwa yakitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, la sivyo chuchu inajikunja ndani na mtoto anavuta bure. Ukikaza pete ya chupa kwa nguvu zako zote unaliziba. Kaza, kisha legeza kidogo sana.

Hatua ya tatu, na hii tafadhali usiiruke: pima kasi. Maneno na namba za kasi kwenye boksi hazikubaliani kati ya kampuni na kampuni. Waliopima chuchu za madukani kule Marekani walikuta nyingine zinatoa chini ya mililita 2 kwa dakika na nyingine zaidi ya mililita 80. Huwezi kujua kwa kusoma boksi.

Weka maji ya uvuguvugu kwenye chupa, pindua juu ya bakuli, usitikise wala kubonyeza. Hesabu nami. Tone. Tone. Tone. Hii inadondosha taratibu, karibu tone moja kwa sekunde. Sasa ile ya kwanza kabisa, niliyonunua mimi. Umeona? Huo ni mstari, siyo matone. Mtoto hajavuta bado, na tayari unamiminika. Ukiwa na chuchu mbili nyumbani, zipe maji sawa, pindua kila moja dakika nzima juu ya glasi, linganisha. Chagua inayotoa maji machache kuliko mwenzake na ubaki nayo. Mtoto anayenyonya titi hana haja ya kupandishwa namba kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu titi la mama halibadilishwi tundu mtoto anapokua.

Na nawaomba sana, dada zangu: usitoboe tundu kwa sindano iliyochomwa moto ili maziwa yatoke haraka. Najua wengi wetu tumekuta ikifanywa nyumbani. Mtoto anaweza kupaliwa vibaya mno.

Hatua ya nne ni usafi, hii tunaijua. Nawa mikono. Tenganisha kila kipande, safisha kwa brashi na maji ya sabuni, geuza chuchu nje ndani, suuza. Zamisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10, usiache hewa ndani ya chupa. Chuchu iliyopasuka, inayonata au iliyovimba itupe.

Maziwa uliyokamua yanakaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25, na Dar es Salaam ya Januari haina chumba hicho, kwa hiyo yaweke kwenye friji mara moja, nyuma kabisa, siyo mlangoni. Humo yanakaa hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Maikrowevu hapana, inaacha sehemu zenye moto wa kuunguza. Mafuta yakijitenga juu, zungusha chupa taratibu yachanganyike.

Sasa tupakate. Hatua ya tano, ambayo mama yangu ndiye aliyenisaidia kuikamilisha, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa na mtoto mchana kutwa. Mkalishe mtoto karibu wima, kichwa na shingo viegemee mkono wako. Asilale chali. Akiwa chali maziwa yanamshukia kooni apende asipende.

Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, hapa chini ya pua. Ngoja. Usimsukumie. Ngoja mpaka apanue mwenyewe, kama kwenye titi, halafu mwache aivute ndani. Tazama midomo: imekunjukia nje, imekaa kwenye mteremko. Ikiwa imebana ncha tu, itoe taratibu, anza upya.

Chupa yenyewe ishike ilale, sambamba na sakafu. Maziwa yanajaza nusu tu ya chuchu. Najua bibi yeyote anayetazama ataniambia, "Mwanangu, mtoto atameza hewa." Mama alisema hivyohivyo. Shikamooni mama zangu, naomba mjaribu siku moja. Mtoto yuko wima, hewa inapanda juu na atacheua. Chupa ikilala ni lazima avute ndipo apate, na asipovuta hapati. Anayemezeshwa hewa nyingi zaidi ni yule anayekimbizwa na maziwa, akigugumia bila kupumua.

Baada ya kunyonya nusu dakika hivi, inamisha kitako cha chupa mpaka maziwa yarudi kwenye chupa yaiache chuchu tupu, lakini chuchu ibaki mdomoni. Hicho ndicho kile kipindi titi linapopumzika. Akianza kuvuta tena, inua. Katikati ya mlo mhamishie mkono wa pili, kama unavyombadilishia titi. Mlo mmoja uchukue dakika 15 hadi 20.

Muda wote usitazame kiwango cha maziwa, mtazame mtoto. Nyusi zikipanda, vidole vikitanuka kama nyota, maziwa yakitoka pembeni mwa mdomo, akigugumia bila kuvuta pumzi, anakuambia ni kasi mno. Inamisha kitako cha chupa hapohapo. Hiyo kanga iliyoloa ya mtoto wangu ilikuwa inasema, na hakuna aliyeielewa. Kinyume chake, akivuta kwa nguvu mpaka mashavu yanabonyea, akikasirika, akisinzia kwa uchovu kabla ya kushiba, kagua tundu la hewa, kisha tundu la maziwa kama limeziba.

Akifungua viganja, akalegea, akageuza uso, ameshiba. Acha. Hata kama zimebaki mililita 30 ulizokamua kwa taabu saa nne asubuhi kazini. Inauma kuzimwaga, naijua hiyo. Unaweza kumpa tena ndani ya saa 2 tangu aache. Zaidi ya hapo mwaga. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi 6 anayepata maziwa ya mama peke yake hunywa kama mililita 750 kwa siku nzima, wengine chini sana ya hapo, wengine zaidi, kwa hiyo mfungashie mililita 60 hadi 90 katika kila chupa. Akitaka, aongezewe.

Nilipobadilisha chuchu, na mama akaanza kulaza chupa, mtoto yuleyule wa dakika nne akawa anatumia robo saa kwa maziwa pungufu ya yale. Usiku wa tatu alilishika titi, akabisha hodi yake, akangoja.

Wapo watoto wanaokataa chuchu ya aina yoyote. Usinunue ya nne na ya tano. Chukua kikombe kidogo safi, cha kahawa kinatosha, kijaze nusu. Mtoto awe macho, wima, mikono umemfungia kwa kanga asikipige. Ukingo uguse mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike tu kwenye midomo. Usimmiminie. Ona, ulimi unatoka wenyewe, unalamba, anameza. Mkono wangu haufanyi kitu kingine hapa zaidi ya kushikilia kikombe.