Kunyamaza kwenye Njia Panda: Kwa Nini Watu Huchagua Kufundisha Vijana Nje ya Darasa

Ndugu zangu, wanachuo wa ualimu, viongozi wa skauti, na wazazi mliokuja kusikia watoto wenu wanataka kuingia kazi gani, asanteni kwa kufika.

Ukimuuliza kijana wa miaka 22 kwa nini anataka kazi ya kufundisha vijana milimani, mitoni na kambini, atakujibu kwamba anapenda maumbile. Jibu hilo ni la kweli, na kazi hii haimfai asiyependa kulala nje. Lakini peke yake halimweki mtu kazini. Anayekuja kwa ajili ya mlima hugundua mapema kwamba mlima wenyewe haupati. Anatembea kwa mwendo wa mtoto wa mwisho. Kilele alichokitamani anakiona kwa mbali, kisha anageuka, kwa sababu kijana mmoja kisigino kimechubuka na kundi haligawanywi. Akirudi wiki inayofuata na kundi jingine, ni njia ileile na malengelenge yaleyale.

Basi wanaobaki wanabakizwa na nini? Hoja yetu leo ni moja: wanabaki kwa sababu hii ni mojawapo ya kazi chache ambazo mtu mzima anaweza kumpa kijana uamuzi wa kweli, wenye matokeo ya kweli, halafu akakaa kando akamtazama akiubeba. Darasani ukikosea hesabu unapata alama ya kosa. Porini ukikosea njia unatembea zaidi, na hakuna mwalimu aliyekuadhibu. Anayevutwa na jambo hilo ndiye anayedumu. Nataka tulitazame kwa karibu, maana watu hulisifu bila kueleza linavyofanyika.

Chukueni kundi la vijana 10 wa miaka 14, wakufunzi 2, ramani na dira. Njia ya siku ni kilomita 10, na mwinuko wa jumla ni mita 600. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo safari ni saa 3. Lakini Naismith alikuwa akiwahesabia watu wazima wenye mazoezi. Kwa vijana wenye mashanta mgongoni tunahesabu kilomita 3 kwa saa, ambazo ni saa 3 na dakika 20, tunaongeza saa 1 ya kupanda, na dakika 10 za kupumzika kila baada ya saa moja ya mwendo. Inafika saa 5. Mkufunzi mgeni huandika saa 3 kwenye fomu, akafika kambini na giza, akajiuliza amekosea wapi.

Sasa kundi limefika njia panda. Vijana ndio walioshika ramani. Wanabishana dakika 3, kisha wanaelekea kushoto, na njia sahihi ni ya kulia. Mkufunzi amelijua kosa kabla hata mguu wa kwanza haujanyanyuka. Aseme, au anyamaze?

Hapo ndipo ujuzi wa kazi hii ulipo, na hauna uhusiano na ujasiri. Ni hesabu. Wakipotea dakika 20 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, watakuwa wamekwenda kilomita 1. Kurudi ni dakika 20 nyingine. Ongeza dakika 15 za kubishana na kukubali. Gharama ya kosa ni kama saa 1. Kama walitarajiwa kambini saa 10 jioni na giza linaingia saa 12 na nusu, saa hiyo ipo. Kisha anauliza mengine. Je, njia hiyo ya kushoto ina genge la mwamba, mto wa kuvuka, au mteremko wa mawe yaliyolegea? Kila mmoja ana maji yasiyopungua nusu lita? Mawingu yanakusanyika? Kuna anayechechemea akificha? Jibu moja tu likiwa baya, anasema palepale, bila kuona haya. Yote yakiwa mazuri, ananyamaza, lakini akiwa amekwisha kuchagua kwenye ramani alama ya kukomea: kijito, kona kali, mahali ambapo njia inaanza kushuka. Wakiifikia bila kugundua, atawasimamisha. Asiyekuwa na alama hiyo kichwani hafundishi. Anabahatisha na watoto wa watu.

Na akiwasimamisha, hawaonyeshi njia. Anauliza: mara ya mwisho mlipokuwa na uhakika mko wapi, ilikuwa wapi? Wanaweka ramani chini, wanaizungusha mpaka kaskazini yake ilingane na ya dira, wanatazama mistari ya mwinuko. Ramani inasema tungekuwa tunapanda, mbona tunashuka? Mara nyingine kosa ni la kifaa: dira imeshikwa karibu na simu au kisu, sindano ikavutwa. Ila mara nyingi kosa ni la sauti. Mwenye kusema kwa nguvu alifuatwa, na msichana aliye nyuma, ambaye alikwisha kuiona njia sahihi, alinong'ona mara moja akaacha. Mkufunzi mzuri aliusikia mnong'ono ule. Hakuusema. Ameutunza hadi jioni.

Jioni, baada ya kula (kabla ya kula hakuna anayesikiliza), kundi linakaa duara kwa dakika 15 au 20. Maswali ni matatu: kilitokea nini, kilimaanisha nini, kesho tutafanya nini tofauti. Ni maswali mepesi kuyataja na magumu kuyaongoza. Kosa la kwanza la mkufunzi ni kuyajibu mwenyewe, kwa sababu ukimya wa sekunde 10 unamtisha. La pili ni kurukia swali la tatu kabla la kwanza halijaisha, na hapo vijana huanza kumpa majibu anayoyapenda: umoja, ushirikiano, kutokata tamaa. Maneno hayo yakija haraka mno, ujue hawajaanza kufikiri. Subiri. Mmoja atasema, "Fulani aliijua njia, hatukumsikiliza." Hapo kundi litakuwa limejifunza jambo ambalo hotuba ya saa nzima isingeliingiza. Wengi waliokaa miaka katika kazi hii walikaa kwa ajili ya dakika hiyo, ambayo haiji kila jioni.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwachukua wavulana kama 20 hivi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wengine kutoka shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akawagawa vikosi 4 vyenye viongozi wao wenyewe. Kundi dogo lenye kiongozi kijana bado ndilo umbo la kazi yetu. Mwaka 1941, vita vikiendelea, mwalimu Kurt Hahn, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, kufungua shule ya kwanza ya Outward Bound, yaani shule za kuwakomaza vijana baharini na milimani, huko Aberdovey, Wales. Holt aliamini kwamba meli zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakifa ndani ya mashua za kuokolea huku wazee wakinusurika, kwa kuwa vijana walikosa uzoefu wa kujitegemea taabuni. Kozi ilichukua mwezi mmoja. Angalieni muda huo. Leo tunaombwa kufanya kazi ileile kwa siku 3, na sehemu ya utaalamu ni kumwambia mkuu wa shule kwa heshima kwamba siku 3 zinatosha kwa kitu kimoja tu, achague kipi.

Mtu anayechagua kazi hii anachagua pia kukataa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa matangazo ya ajira hayalisemi.

Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8, mwalimu wao na wakufunzi 2 waliingia baharini kwa kayaki, mitumbwi midogo ya kasia, katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. Mwalimu alianza kupinduka mapema. Mkufunzi mmoja akabaki naye, na wanafunzi 8 wakabaki na mmoja. Upepo uliokuwa ukivuma kutoka nchi kavu uliwasukuma mbali, mawimbi yakaingia kwenye kayaki moja baada ya nyingine, na wito wa msaada ukachelewa. Wanafunzi 4 walikufa. Kampuni iliyoendesha safari ilipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, mkurugenzi wake akafungwa, na baada ya wazazi kupigania jambo hilo, Bunge likapitisha sheria mwaka 1995 iliyoleta leseni kwa vituo vya namna hiyo. Lakini mwaka uliotangulia ajali, wakufunzi 2 walikuwa wameacha kazi katika kituo hicho na kuandika barua ya kuonya juu ya usalama. Wasomeni wale wawili kama sehemu ya jibu la swali letu. Waliipenda kazi kiasi cha kuiacha ilipofanywa vibaya.

Fundisho la ufundi katika ajali ile ni la wazi. Wakufunzi 2 si idadi ya kutosha kwa sababu tu fomu inasema 2. Uliza: mmoja akishughulikiwa na tatizo la kwanza, nani anabaki na wengine, na anaweza nini peke yake? Upepo unaotoka nchi kavu huyalaza maji ya ufukweni yakaonekana shwari, kumbe ndio unaokupeleka mbali. Na lazima awepo mtu nchi kavu mwenye saa ya kurudi iliyoandikwa, na amri ya kupiga simu ikipita, bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Mambo mengine ya kila siku nitayapita haraka, ila yanastahili kutajwa, kwa kuwa anayechoshwa nayo atachoshwa na kazi yenyewe. Shanta la kijana lisizidi humusi ya uzito wake: mwenye kilo 45 abebe kilo 9. Simamisha kundi dakika 30 baada ya kuanza, uulize nani anahisi joto kisiginoni, umbandike plasta kabla lengelenge halijatoka. Usingoje aseme mwenyewe, maana vijana huona aibu kuwachelewesha wenzao. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na ya pili iwe kwa mkufunzi. Maji yachemke dakika 1 kamili, na dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Shimo la choo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini. Radi ikimulika, hesabu hadi ngurumo: ikifika ndani ya sekunde 30, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima, na msipande tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mtu mzima asibaki peke yake faraghani na mtoto hata siku moja, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Kanuni hiyo inamlinda mtoto kwanza.

Sasa kuhusu wanaoondoka, kwa haki yao. Wengi hawaondoki kwa kukosa moyo. Mikataba mingi ni ya msimu, mshahara haulingani na saa za kazi, na usiku wa kambini haulipwi ingawa mkufunzi ameamka mara 3. Magoti yanachakaa. Ndoa na watoto havipatani vizuri na siku 15 za porini kila mwezi. Kituo kinachowapoteza watu kila mwaka hakina haki ya kulalamika kuhusu kizazi kisichovumilia. Kitazame ratiba yake. Pasipo siku kamili ya kupumzika kati ya safari mbili, mkufunzi huacha kusikia ile minong'ono ya nyuma ya kundi. Hapo ameshaanza kuondoka, ingawa barua hajaandika.

Kwa hiyo kabla hamjajiunga, jipimeni. Ombeni nafasi ya msaidizi katika safari ya siku 5, si ya siku 1. Siku ya kwanza kila mtu ni mchangamfu, na ya pili bado kuna akiba. Siku ya tatu ndiyo ya kutazama: soksi zimelowa, wawili wamegombana juu ya nani aoshe sufuria, na mwelekeo wenu kwa vijana huonekana ulivyo. Siku hiyo tembea wa mwisho kabisa kwenye safu, nyuma ya anayechelewa, umuache yeye apange mwendo. Usimhimize. Ukijikuta unatazama saa yako na kilele, kasomee kuongoza wapanda milima watu wazima, ni kazi ya heshima na inalipa vizuri zaidi. Ukijikuta unataka kujua kwa nini kijana huyu amebadilisha anayetembea naye tangu asubuhi, omba safari ya pili.

Tuchukue maswali sasa, tukianza na walioketi nyuma.