Nyundo na Fuawe za Kichwani
(Mhadhara kwa mafundi wa mabati wa jua kali, Kamukunji, Nairobi)

Hamjambo mafundi. Asanteni kwa kuweka nyundo chini, japo wale wa banda la tatu naona wameamua kunipigia muziki. Waacheni, watanifaa baadaye.

Najua mmechoka na wageni wa kuja kuwaambia vaeni miwani, vaeni glavu. Mimi sikuja kwa ajili ya macho wala vidole. Kidole kikikatika utakiona pale chini. Sikio linakufa bila tone la damu, na ndiyo maana nasema jambo hilihili kila mwaka mpaka mke wangu ameniambia nijirekodi nibaki nyumbani.

Haya. Ndani ya sikio lako mna nyundo, mna na fuawe. Ndivyo mifupa hiyo inavyoitwa, sikutunga mimi. Nyundo imeshikana na kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, inasukuma fuawe, fuawe inasukuma kikuku. Kikuku kina kama milimita 3, hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Kikianguka hapa kwenye vumbi la tupa, tutatafuta mpaka kesho.

Kisa cha karakana yote hiyo ni nini? Ni kwamba nyuma ya kikuku kuna maji. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote inarudi ilikotoka. Aliyewahi kupiga mbizi anajua, wenzako wanakuita ukingoni na wewe husikii. Sasa, kiwambo ni kipana, na kidirisha kinachosukumwa na kikuku, pale pa kuingilia kwenye maji, ni kidogo, kama sehemu moja ya ishirini ya kiwambo. Nguvu ya pale papana inabanwa hapa padogo. Hilo mnalijua kuliko madaktari. Kwa nini tindo inatoboa bati na nyundo tupu inalibonyeza tu? Basi, kikuku ni tindo yenu.

Nyuma ya kidirisha kuna mfereji uliojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu, unaitwa koklea. Ndani yake zimepangwa chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Maji yakitikisika vinyweleo vinainama, na chembe zinapeleka habari ubongoni. Mhungaria mmoja, Georg von Békésy, alichungua masikio ya maiti akaona mtikisiko unatembea kama wimbi, kila sauti na mahali pake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Sauti nyembamba zinapokelewa karibu na mlango, nzito zinakwenda mpaka ndani kabisa.

Na hapo karibu na mlango ndipo nyundo zenu zinapoanza kuua.

Kuna mzee mmoja, fundi wa masanduku, aliletwa kwangu na binti yake. Amekaa, amekunja mikono, ananiambia, "Daktari, mimi sina shida. Watu wa siku hizi ndio wanaongea kama wana uji mdomoni." Nikamuuliza, unanisikia? Akasema nakusikia vizuri sana, usipige kelele. Kumbe kweli alinisikia! Nikafunika mdomo kwa karatasi ili asisome midomo, nikamwambia, "Sema sitini." Akasema tisini. "Sema shika." Akasema fika. Binti yake akaanza kulia, kwa sababu wiki hiyohiyo walikuwa wamegombana juu ya pesa za mteja: mzee alikubali bei kwenye simu, akaandika tisini, mteja akaja na sitini. Nyumbani wote walidhani mzee ameanza kuwa mkaidi.

Mnaona? A, e, i, o, u ni sauti nzito, zinakaa ndani, zimesalimika. S, f, sh ni nyembamba, zinakaa karibu na mlango, zimekwisha. Kwa hiyo mtu anasikia sauti lakini neno halijui, na kumpigia kelele hakumsaidii, unamwongezea zilezile a na o ambazo anazo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mimi nimeshazoea kelele. Kaka, hujazoea. Mkono unaota sugu, sikio haliwezi. Kilichokusumbua mwaka wa kwanza kimekufa, ndiyo maana hakikusumbui. Ile nziii unayosikia usiku ukilala, ikipotea asubuhi, usidhani umepona, ni onyo. Na zile chembe zenye vinyweleo, kwa binadamu hazioti tena. Kwa kuku zinaota! Kuku unayemchinja Krismasi anakushinda.

Mwingine atasema sikio lina kinga yake. Ni kweli, kuna kamsuli kanakovuta kikuku sauti ikiwa kali. Lakini kanachelewa. Nyundo imeshapiga, ndiyo kanaamka.

Hesabu: ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Desibeli 85, saa 8 kwa siku, hapo ndipo mpaka. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika 100 una dakika 15. Bati linalogongwa juu ya kipande cha reli linapita hapo kwa urahisi, nanyi mnagonga kutwa.

Nilitaka kusema juu ya nta, na juu ya watoto wanaotoka usaha, lakini naona saa. Nta haichokonolewi kwa funguo wala kijiti, yatosha. Mtoto wa usaha apelekwe hospitali, si mafuta ya moto.

Na pamba mnayotia masikioni haizuii kitu. Chukueni hivi vizibo vya sponji. Kwanza nawa, mikono yenu ina grisi. Kisokote kwa vidole kiwe chembamba kama njiti. Mkono wa pili upite nyuma ya kichwa, uvute sikio juu. Ingiza, kishike pale mpaka kivimbe, hesabu polepole mpaka thelathini. Sasa wasikilizeni wale wa banda la tatu. Wamepungua? Wewe kijana wa kofia, chako nusu kiko nje, kinaning'inia kama hereni. Kitoe, anza tena.