Ramani Isiyojua Kilicho Chini

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya upangaji wa mji na mambo ya kale. Mimi nitasema juu ya shimo.

Tukitaja turathi za Mombasa, macho hukimbilia Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, na Mji wa Kale uliotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Sawa. Lakini kanda ile ilichorwa kwa kufuata kuta zinazoonekana, na mji ni mkongwe kuliko kuta zake. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini ya mitaa tunayoiita Mji wa Kale, akakuta makazi ya tangu karibu karne ya 11. Leo ukipita pale huoni gofu. Ni wagonjwa na bodaboda.

Sasa shimo langu. Niliitwa kwenye ploti moja, msingi umeshachimbwa unamzidi mtu kimo. Ubavuni mwa shimo tabaka zimejipanga: juu kifusi na mifuko ya plastiki, chini mchanga mwekundu, chini zaidi jivu jembamba lenye maganda ya chaza. Nikauliza udongo uko wapi. "Mzee, lori la mwisho limeondoka jana." Fundi akatia mkono mfukoni, akanipa kigae cha sahani ya Kichina, buluu kwenye weupe, hakizidi ukucha wa dole gumba.

Mwenye ploti simlaumu. Karatasi zake zilikuwa na mihuri yote. Sheria yetu ya turathi ya 2006 inataka ukigundua kitu cha kale utoe taarifa. Vizuri, ila hapo sururu imeshapita. Uingereza, kwa sheria ya 1979, ipo miji mitano, York ukiwamo, ambako mjenzi hutoa notisi wiki 6 kabla ya kugusa ardhi iliyotengwa. Wiki 6 ni chache, najua. Lakini swali linatangulia sururu.

Naomba rangi moja tu zaidi kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, ya kuonyesha palipo na mji wa kale chini. Ndani yake ujenzi ruhusa, ila kibali kisubiri mashimo mawili ya majaribio.

Kigae nimekipeleka makumbusho. Kwenye kijikaratasi nimejaza mtaa na tarehe. Palipoandikwa "tabaka" nimeacha wazi.