Punguzo la Sola Liko Kwenye Kotesheni

Haya majirani, asanteni kwa kuja, najua Jumamosi ni siku ya kufua, kwa hivyo sitawaweka sana.

Wengi mmeniuliza, serikali inatupea nini tukiweka sola kwa nyumba? Wacha niseme wazi, hakuna pesa utatumiwa kwa simu. India wanapea nyumba ruzuku mpaka rupia 78,000, Marekani mtu alikuwa anakatiwa asilimia 30 ya gharama kwenye kodi yake ya mapato, na hiyo nayo ikaisha mwisho wa 2025. Punguzo letu sisi hapa Kenya ni kusamehewa kodi, limekaa ndani ya bei, na ndio maana wengi hawalioni.

Mnakumbuka 2020 vifaa vya sola vilirudishiwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, bei ikapanda, watu wakalia, 2021 ikaondolewa tena. Vya kusamehewa, sheria inataja paneli, chaji kontrola ya kulinda betri, inveta ya kugeuza moto wa sola uendeshe vifaa vya nyumba, na betri za kuweka huo moto, lakini lazima wizara ya kawi ipendekeze, na hizo karatasi za msamaha anazishughulikia mwenye kuleta mzigo. Wewe wa hapa Umoja unaona tu kotesheni, ile karatasi ya bei anayokuandikia fundi. Isome!

Kuna mama wa hapa hapa aliniletea yake, paneli nne, inveta, betri moja, halafu chini kabisa kwa kalamu ya bluu wameandika VAT 16%, wamepiga juu ya jumla yote mpaka zile paneli. Nikamwambia rudi uulize swali moja tu, hii ya paneli ni ya nini? Wakaikata siku hiyo hiyo. Kwa vifaa vya laki moja hiyo ni 16,000, jamani, hiyo ni karo ya mtoto.

Sasa ile ya kurudisha stima ya sola iliyobaki kwa laini ya kampuni ya umeme. Kanuni zilitoka 2024, na hesabu yake ni nusu: ukisukuma uniti 100 mchana unawekewa 50, na ni za kukatwa kwa bili, si pesa mkononi. Kwa hivyo mtu asikuuzie paneli kumi ati utafanya biashara. Weka zinazotosha kazi yako ya mchana, pampu ya maji, friji, pasi, pigeni pasi saa saba badala ya usiku. Na ukishusha matumizi ya laini chini ya uniti 30 kwa mwezi unaingia ile bendi ya bei ya chini, tokeni yenyewe inaanza kukupa uniti nyingi.

Kinachoniuma ni wapangaji, manake paa si yako, na haya yote yanamfaa mwenye ploti. Mimi naona tumwendee landilodi pamoja, ploti nzima, tukiwa na hesabu ya taa za ngazi na pampu, hizo analipa yeye kila mwezi, hapo atasikiza.

Basi wenye wamebeba kotesheni waje hapa mbele, tuanze na ya mzee wa kofia.