Utafiti wa Ukame Hauishi kwa Wiki Nane

Ndugu wenye mashamba, wenye viwanda, na nyie wahadhiri wenzangu: mabadiliko ya tabianchi sina haja ya kuwaeleza, mvua imeshawaeleza. Ninachokizungumzia kila ninapopewa nafasi ni muda. Kampuni na chuo wanatia saini makubaliano ya utafiti, wanapiga picha, mwanafunzi anapelekwa shambani wiki nane, ripoti inafungiwa kabatini. Ukame hauchunguzwi hivyo!

Twendeni Ngwazi, kituo cha utafiti wa chai kule Mufindi, mkoani Iringa. Miaka ya 1980 watafiti wa chuo cha Cranfield cha Uingereza walifanya kazi pale, katikati ya mashamba ya chai, na swali lilikuwa la mwenye shamba: kiangazi chetu kinakaribia nusu mwaka, je, kumwagilia kunalipa? Wakalaza mstari mmoja wa vinyunyizio. Mche ulio jirani na bomba unakunywa ukashiba, wa mbele kidogo unapata kiasi, wa pembeni kabisa hauambulii tone. Wakachuma, wakapima, wakachuma tena, mwaka baada ya mwaka. Chai ikiwa changa, ukame uliiumiza vibaya. Ilipokomaa, mizizi ikiwa imeshuka zaidi ya mita 5, ikastahimili. Sasa bwawa lako limepungua: unajua maji yaanzie kwenye chai changa. Hiyo ni hela. Mwanafunzi wa wiki nane angekwambia umwagilie shamba zima.

Kuna anayesema moyoni, "Wale walikuwa Wazungu na fedha zao." Hapana. Kipima mvua kinahitaji fedha gani? Mashamba yetu makubwa yana madaftari ya mvua ya miaka mingi, karani anasoma kipimo kila asubuhi saa tatu, anaandika. Ukimwomba meneja nakala, anakwambia ni siri ya kampuni. Siri gani? Mvua iliyonyesha kwako imenilowesha na mimi! Ficheni bei, ficheni wateja. Mvua wapeni MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, waichambue.

Na nyie wahadhiri, mwenye kiwanda akiuliza apunguzeje kuni za kukaushia majani ya chai, msimletee makala ya Kiingereza baada ya miaka miwili. Nendeni mkasimame kwenye tanuru lake.

Mbarali, kule bonde la Usangu mkoani Mbeya, nilitaka niiseme kwa kirefu, lakini naona muda unanibana. Mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Juu kuna mpunga wa Usangu, katikati Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chini mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotupa umeme. Wote hao wana swali moja la maji, na hakuna msimu mmoja utakaolijibu.

Kabla hatujaenda kula, pale mlangoni kuna karatasi. Kila kampuni iandike kipande cha shamba, hata ekari moja, itakachokiacha kwa utafiti miaka 10, meneja abadilike asibadilike. Chuo kilete vifaa na wanafunzi wa kupokezana. Nyie leteni ardhi na daftari la mvua.