Hawachezi, Wamesimama

Waandaaji wameandika kwenye tangazo "wacheza ngoma wa Angkor". Wanisamehe, naanza kwa kukikataa kichwa cha mada yangu mwenyewe. Tunazungumzia michongo, na kabla vijana wa nyuma hawajacheka, siyo ule mchongo wa mjini.

Kuta za Angkor Wat, hekalu la mji wa kale wa Angkor kule Kambodia, zina wanawake zaidi ya 1,700 waliochongwa katika karne ya 12. Watalii huwaita wote apsara. Apsara ni binti wa mbinguni, yule anayeruka na kucheza. Watazameni kwenye mchongo wa ile hadithi ya Kihindu, pale miungu na mashetani wanapovutana nyoka kuikoroga bahari ya maziwa: apsara wanapaa juu yao. Hao sawa, wachezaji. Lakini huyu wa ukutani, aliyesimama wima kashika ua, ni devata, yaani mungu wa kike wa hekaluni. Hebu mtazameni miguu! Nyayo zote mbili zimeelekea upande mmoja, na huku kifua kinakukabili wewe. Nani anacheza na miguu hiyo? Simama ujaribu, utaanguka.

Najua yupo anayenong'ona, "Jina tu hilo, mwalimu, unagombea nini?" Nagomba kwa sababu ukishamwita mtu mcheza ngoma, unaangalia kiuno, basi. Kuna binti aliyewaangalia kuanzia utosini. Sappho Marchal, ambaye baba yake Henri alikuwa mhifadhi wa Angkor enzi za Wafaransa, alipita ukuta kwa ukuta akichora nywele, taji, hereni, mikufu, na namna kila nguo ilivyofungwa kiunoni. Kazi hiyo ilichapishwa 1927. Ukiifuata unaona: huyu nywele zimefungwa mafundo, yule kavaa taji la ncha tatu, mwingine kashika msuko wake kama msichana anayesubiri zamu saluni. Na kwenye lango la magharibi yupo mmoja anayecheka meno nje, wakati wenzake wamefumba midomo. Meno, jamani, kwenye jiwe! Kama hawa ni wa kujazia ukuta tu, fundi angeshika kielelezo kimoja, akakirudia, akaenda zake kula.

Naoneshwa saa. Haya, Malraux kwa haraka. Mwaka 1923 kijana Mfaransa André Malraux alikwenda Banteay Srei, hekalu dogo la mawe ya rangi ya waridi lililowekwa wakfu mwaka 967, akabandua devata akauze. Alikamatwa mjini Phnom Penh, mawe yakarudishwa. Baadaye Ufaransa ikamfanya waziri wa utamaduni. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hekalu lenyewe lilikuja kusimamishwa upya jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1930 na Henri Marchal, baba yake Sappho.

Kuhusu wageni wanaowapapasa devata vifua mpaka jiwe likang'aa, sitasema kitu. Mikono mfukoni.

La mwisho ndilo nililolijia. Devata hawana majina, ila yupo mwanamke wa Angkor tunayemjua kwa jina na kwa maneno yake: Indradevi, malkia wa mfalme Jayavarman VII. Maandishi ya Kisanskriti ya hekalu la Phimeanakas, hukohuko Angkor, aliyatunga yeye, akimsifu dada yake Jayarajadevi, aliyekuwa malkia kabla yake. Nilimpangia nusu saa nzima. Sasa nimebakiwa na dakika moja, kosa ni langu, ile miguu imenila muda.