Kitabu cha Kurasa 64: Kipato cha Kila Mwezi kwa Anayejichapishia

Mwenyekiti, walimu wangu, maafisa ugani, kina mama wa vikundi na vijana mliofika, mwangaluka.

Mrina asali wa Sikonge au Urambo hatundiki mzinga mmoja akakaa chini ya mti kuusubiri. Hutundika ishirini, hamsini, zaidi ya hapo. Mingine nyuki huikataa, mingine huingia wakahama, na ile iliyobaki ndiyo inayomlisha mwaka baada ya mwaka. Kitabu kidogo cha maarifa nacho ni hivyo. Anayetaka kipato cha kila mwezi asitegemee kitabu kimoja kitakachovuma nchi nzima. Aandike vidogo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kiuze nakala chache bila kukatika, na kikiisha kichapwe tena kwa fedha zake chenyewe. Hilo la kuchapwa kwa fedha zake chenyewe ndilo litakalotuchukua muda mrefu leo, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia.

Kazi hii si ngeni Tabora. Wenye umri wangu mmeona vitabu vya zamani vyenye maandishi “T.M.P., Tabora” kwenye kurasa za mwanzo, ni vya Tanganyika Mission Press, kiwanda cha wamisionari cha Kipalapala. Na tangu mwaka 1948 East African Literature Bureau ilisambaza vijitabu vya Kiswahili katika Afrika Mashariki. Siku hizi mwandishi anaweza kuwa mchapishaji mwenyewe. Naomba tutofautishe maneno mawili: mchapaji ni mwenye mashine, mchapishaji ni anayebeba gharama na hasara. Ukilipia uchapaji, mchapishaji ni wewe, na nakala zikibaki chumbani ni zako.

Tuanze na mada. “Ufugaji wa nyuki” si mada ya kitabu kidogo, ni somo la chuo, na Chuo cha Nyuki tunacho hapa hapa mjini. Mada ya kitabu kidogo ni swali moja ambalo mtu tayari anapoteza fedha kwa kutolijua. Kwa mfano: mtu kachonga mzinga wa papi za juu, yaani vibao vyembamba ambavyo nyuki huning’iniza masega chini yake, kwa kufuata vipimo alivyovipata kwenye kitabu cha Ulaya, upana wa papi milimita 35. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya na masega yao hukaribiana zaidi. Wao wanataka milimita 32. Ukiwapa 35, baada ya papi chache sega halikai tena katikati, linakatisha na kushika papi mbili, na siku ya kukagua ukivuta moja unabomoa zote. Tofauti ya milimita tatu imeharibu mzinga mzima. Kitabu kinachosema milimita 32, kikaeleza sababu, kikaonyesha namna ya kupima kwa rula ya mwanafunzi, kina mnunuzi.

Namna ya kuyapata maswali hayo ni kukaa palipo na waulizaji. Kaa duka la pembejeo siku ya mnada au ofisi ya chama cha msingi siku ya kupokea tumbaku, ukiwa na daftari. Andika kila swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji. Swali lililorudi kwa watu tofauti mara saba au nane ni kitabu. Swali lililoulizwa mara moja, hata likiwa zuri kiasi gani, ni aya ndani ya kitabu kingine. Na maneno ya muulizaji yaingie kwenye jina la kitabu, maana ndiyo atakayoyatafuta macho yake dukani.

Ukubwa. Nashauri A5, yaani karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, kurasa 64. Kitabu cha kukunja na kubana kwa pini lazima idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa inatoa kurasa nne. Ukipeleka kurasa 61, mchapaji atakuongezea tatu tupu na utazilipia. Kwenye mashine kubwa karatasi hukunjwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo 64 ni mafungu manne kamili, hakuna kinachopotea. Ukizidi sana hapo kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba pini zinaanza kushindwa: kitabu kinabenuka na kurasa za kati zinatokeza nje ya jalada. Ondoa kurasa nane za mwanzo na za picha, zimebaki 56. Kwa herufi za ukubwa wa 11 au 12 ukurasa unabeba maneno kama 260, hivyo unaandika maneno elfu kumi na nne na nusu. Mtu anayeandika maneno 500 kila siku anamaliza rasimu kwa mwezi mmoja. Kuisafisha kunachukua mwezi wa pili, na asiuruke.

Katika usafishaji huo kuna hatua mbili ambazo sizioni zikifanywa inavyopasa. Kwanza, toa kila namba iliyomo kitabuni, uiandike kwenye karatasi peke yake: vipimo, dozi, siku, bei. Mpe karatasi hiyo mtaalamu wa fani aihakiki bila kusoma maelezo yako, kwa sababu sentensi nzuri humfanya msomaji aamini namba mbaya. Sifuri moja iliyoongezeka kwenye dozi ya kiuatilifu inaua shamba la mtu, na pengine inamuua mtu. Pili, wape rasimu watu watano ambao hawajui kazi hiyo, wakiwa na vifaa mkononi, waifanye huku wewe umekaa kimya. Pale wanapokugeukia kukuuliza ndipo kitabu kilipopungua. Usiwajibu. Andika ukurasa, urudi nyumbani ukaurekebishe.

Kisha uchapaji. Mashine ya kidijitali haina pleti, yaani bamba la kuchapia, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya mia zina gharama ileile. Mashine ya ofseti inatengenezewa pleti kwanza, na jalada la rangi linahitaji pleti nne. Gharama hiyo hailegei hata ukichapa nakala kumi, ila ukifika mia tano imegawanyika mpaka haionekani. Basi anza na nakala 50 za kidijitali, ziuze, wasomaji wakuonyeshe makosa, ndipo uende ofseti na 500. Anayeruka moja kwa moja kwenye nakala elfu mbili kwa kuvutiwa na bei ndogo ya nakala moja ananunua makosa yake mara elfu mbili.

Faili liwe la PDF, picha zisipungue nukta 300 kwa inchi, na rangi ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza kidogo tu unapata mstari mweupe pembeni. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa. Omba ya asili. Na usilipe salio kabla ya kushika nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi, uifungue ukurasa kwa ukurasa.

Sasa fedha. Nitatumia namba za mfano. Kila mmoja aweke za mchapaji wake. Tuseme nakala 500 zimechapwa kwa shilingi 1,800 kila moja: laki tisa. Mhariri, mpangaji wa kurasa na mchora jalada wamechukua laki nne, mara moja tu. Bei ya kitabu ni 5,000. Mbona isiwe 8,000? Kwa sababu ya steshenari iliyo jirani. Kurasa 64 za A5 zikifunuliwa ni pande 32 za fotokopi. Kama upande mmoja ni shilingi 100, kitabu chako kinanakiliwa kwa 3,200. Ukiuza 5,000 chenye jalada la karatasi nene na picha za rangi, wengi watanunua. Ukiuza 8,000 umewasukuma wenyewe kwenye mashine.

Duka likichukua asilimia 30, linakurudishia 3,500. Toa 1,800 ya uchapaji na 200 ya usafirishaji, umebaki na 1,500. Unayemuuzia mkononi, yeye anakuachia 3,200. Ukiuza 40 kwa mwezi kupitia maduka na 20 kwa mkono, umepata 60,000 na 64,000, jumla 124,000. Zile laki nne zinarudi ndani ya miezi minne. Kitabu kimoja hakikodishi nyumba na kulisha watoto, tuseme wazi. Vitano vya namna hiyo vinakaribia laki sita na ishirini kwa mwezi. Ndiyo maana nilianza na mizinga.

Lakini ile 1,800 si yako. Nairudia: katika kila nakala iliyouzwa, 1,800 ni mbegu. Iwe na laini yake ya simu au akaunti yake, na ihamishwe siku ileile ya mauzo. Vitabu vingi vinakufa vikiwa vinatafutwa, kwa sababu mwandishi aliona 5,000 mkononi akaitumia yote. Nakala ya mwisho ilipouzwa hapakuwa na fedha ya kurudi kwa mchapaji. Na angalieni, ukigawa nakala 20 bure, zilizobaki 480 zinarudisha mbegu ya 864,000, na uchapaji unaofuata ni 900,000. Pengo la 36,000 linatoka kwenye faida, kwa hiyo zawadi za ndugu na marafiki zihesabiwe mapema. Agiza upya zikibaki nakala 100, usingoje ziishe: ukiuza 60 kwa mwezi na kazi ya mchapaji pamoja na safari kutoka Dar es Salaam ikachukua wiki nne, utabaki na 40 za akiba. Kitabu kilichokosekana dukani miezi mitatu husahauliwa na muuzaji kabla hata ya mnunuzi.

Kwenye maduka kuna mali kauli. Haikwepeki, ila ina adabu yake. Peleka nakala kumi, si hamsini. Andika kwenye daftari la nakala mbili, muuzaji asaini. Rudi baada ya mwezi. Asiyelipa za kwanza haongezewi. Mwenye nakala hamsini za mali kauli haoni haraka ya kukulipa, mwenye kumi zikiisha atakupigia yeye. Msifikirie maduka ya vitabu peke yake. Kitabu cha nyuki kinauzika panapouzwa mavazi ya kurinia na vifukizia moshi, cha bustani panapouzwa mbegu. Msimu pia una neno lake. Mkulima wa tumbaku Kaliua hana fedha Januari, anayo malipo yakianza kuingia katikati ya mwaka, na Agosti kuna Nane Nane ya kanda pale Ipuli. Nakala ziwe zimefika kabla.

Zihifadhini juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchwa wa Tabora hawachagui, na unyevu wa masika hukunja majalada. Nakala moja ya ukubwa huu ina uzito wa gramu 95 hivi, hivyo mia ni chini ya kilo kumi. Kifurushi kinakwenda kwa basi bila taabu.

Ya sheria nitayapita haraka. ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kwa hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina yake, na kuchapa upya bila mabadiliko hakuhitaji mpya. Hakimiliki unaipata unapoandika, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi pakitokea ugomvi. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi, kwa kuwa halmashauri au mradi hautanunua nakala 200 bila ankara na risiti. Manunuzi hayo ni mazuri, lakini hulipwa kwa kuchelewa. Usiyaweke kwenye hesabu ya chakula. Na vitabu vya shule vina taratibu zake za ithibati, hiyo ni njia nyingine kabisa.

Mtaniuliza kuhusu kuuza mtandaoni. PDF ikiingia kundi moja la WhatsApp imeshauzwa yote. Ukiiuza, andika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa. Wengi huona haya kuisambaza. Kwa wanaoandika Kiingereza kuna Amazon: kitabu pepe cha kati ya dola 2.99 na 9.99 humpa mwandishi asilimia 70 katika nchi zilizoorodheshwa, nje ya bei hizo ni 35. Mauzo ya Marekani yanakatwa kodi asilimia 30, kwa sababu sisi hatuna mkataba wa kodi nao. Kwa hiyo cha dola 2.99 hakikuachii zaidi ya dola 1.46, na bado kuna ada ya ukubwa wa faili.

Kinga bora kuliko zote niliyoiona dhidi ya kunakiliwa ni kurasa za kujaza: tarehe ya kukagua mzinga, idadi ya masega, kilo zilizorinwa, aliyenunua na bei. Kitabu kilichojazwa msimu huu hakitumiki msimu ujao, na mwenye kukijaza anarudi kununua kingine.

Sasa kila mmoja achukue karatasi nne za A4 zilizo mbele yenu. Zipangeni pamoja, mzikunje katikati, mzitie pini mbili kwenye mkunjo. Hizo ni kurasa 16. Ziandikeni namba kuanzia mbele, kisha mtoe pini mzitandaze. Karatasi ya nje upande mmoja ina 1 na 16, upande wa pili 2 na 15. Kila jozi jumla yake ni 17. Kwenye kitabu cha kurasa 64 jumla itakuwa 65, na mpangaji wa kurasa akikuletea jozi isiyofika hapo, mrudishieni. Zirudisheni pini. Fungueni ukurasa wa 3, muandike swali moja mlilosikia wiki hii likiulizwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa maneno yake yule aliyeuliza. Mna dakika kumi, kisha tutayasoma.